gp imejengwa bila readline ilhali readline ipo kwenye kompyuta: tatizo liko wapi?

SWALI

Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika hisabati na tasnifu yangu iko upande wa nadharia ya namba. Msimamizi wangu alinielekeza nitumie PARI/GP, programu ya hesabu za nadharia ya namba inayofunguliwa kwa amri `gp`, na kwa kuwa toleo lililomo kwenye Ubuntu 22.04 yangu ni la zamani kuliko lile analotumia yeye, nilipakua msimbo chanzo nikaujenga mwenyewe kwa `./Configure`, kisha `make all`, kisha `sudo make install`. Kazi ilikwisha bila kosa lolote. Hata hivyo, nikiifungua gp na kubonyeza mshale wa juu ili nirudie amri iliyopita, naona `^[[A` badala ya amri yenyewe. Nilisoma mahali kwamba kinachokosekana ni readline, maktaba inayowezesha kuhariri na kurudia amri kwa kibodi, nikaandika `sudo apt install libreadline8`, nikajibiwa `libreadline8 is already the newest version`. Nimejenga upya, hali ni ile ile. Pia `ellinit("11a1")` inanikatalia kwa ujumbe unaoanza na `error opening elldata file`. Mwisho, nitahitaji kuiweka gp hiyohiyo kwenye seva ya chuo, ambako sina ruhusa ya sudo. Nifanyeje?

JIBU

Ndugu msomaji, kompyuta yako imekwambia kweli na bado tatizo lako ni la kweli. Ubuntu, kama ilivyo Debian ambayo ndiyo asili yake, huigawa karibu kila maktaba ya programu katika vifurushi viwili. Kifurushi cha kwanza, kwa mfano wako `libreadline8`, kina maktaba iliyokwisha kujengwa, ambayo programu nyingine huitumia zinapokuwa zinaendeshwa. Wewe unayo kwa sababu Python na programu nyingine kadhaa zinaitegemea, na huenda ilikuwemo tangu siku uliyoweka Ubuntu. Kifurushi cha pili, `libreadline-dev`, kina vitu ambavyo mtumiaji wa kawaida hana haja navyo ila kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu, haiwezi kufanya kazi bila hivyo: faili za hedia kama `/usr/include/readline/readline.h`, zinazoieleza kompaila majina ya funksheni zote za maktaba na namna ya kuziita, pamoja na kiungo kinachoitwa `libreadline.so` kisicho na namba ya toleo mwishoni, ambacho ndicho linka, yaani kiunganishi cha programu na maktaba zake, hukitafuta inapoambiwa `-lreadline`. Ni kama nyumba ambayo taa zinawaka vizuri, lakini fundi aliyekuja kuongeza chumba hawezi kuunganisha chochote mpaka aone mchoro wa nyaya.

Hapo ndipo penye jibu la sehemu kubwa ya maswali ya namna hii, iwe ni PARI/GP, iwe ni gmpy2 ya Python inayolalamika kuwa `gmp.h` haipo, iwe ni kifurushi cha R kinachotaka MPFR, maktaba ya hesabu za desimali zenye usahihi mkubwa. Anayeendesha programu iliyokwisha kujengwa anahitaji maktaba tu, lakini anayejenga anahitaji maktaba na hedia zake, na katika familia ya Debian hedia hizo ziko katika kifurushi ambacho jina lake huishia na `-dev`.

Swali linalobaki ni kwa nini hukuonywa. Programu nyingine zingegoma papo hapo na kukutajia hedia iliyokosekana, lakini waandishi wa PARI/GP, mradi ulioanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Bordeaux na kundi lililoongozwa na Henri Cohen, waliamua tangu zamani kwamba programu yao ijengeke hata kwenye mashine iliyo tupu kabisa. Kwa hiyo readline si sharti, na hata GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa, si sharti, kwa kuwa PARI ina kiini chake yenyewe cha kuzidisha na kugawanya. Hati ya `Configure` huchunguza mashine, na isipoona hedia za readline huandika mstari mmoja wa kusema hivyo katikati ya mistari mingi, kisha husonga mbele. `make` inayofuata haina la kulalamikia, maana imeshaambiwa ijenge gp isiyo na readline, na imeijenga barabara. Mimi naupenda uamuzi huo kwa sababu umewaokoa watu wengi wenye mashine za ajabuajabu, ila gharama yake ni kwamba kitegemezi kinachokosekana hakigeuki kuwa kosa. Kinageuka kuwa upungufu utakaougundua baadaye, ukiwa tayari umeshaanza kazi.

Kabla ya kurekebisha, fungua gp yako na usome maandishi inayoyatoa ikianza, ambayo wengi huyapita bila kuyatazama. Katika mstari unaotaja aina ya mashine, baada ya maneno `x86-64`, gp iliyojengwa na GMP huandika pia neno GMP na namba ya toleo lake kabla ya neno `kernel`, na gp isiyo na GMP huandika `x86-64 kernel` peke yake. Mistari michache chini yake utaona ama `readline v8.1 enabled` au `readline not compiled in`. Nina hakika utakuta hiyo ya pili, na nisingeshangaa ukikuta GMP nayo haimo, jambo ambalo kwa tasnifu ya nadharia ya namba ni hasara kubwa kuliko mishale. Kwa namba za tarakimu ishirini au thelathini hutaona tofauti, lakini ukianza kuzidisha na kugawanya namba zenye mamia ya maelfu ya tarakimu, GMP ina mbinu za kasi ambazo kiini cha asili hakizifikii.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Weka kwanza vifurushi vya kujengea:

    sudo apt update
    sudo apt install build-essential libgmp-dev libreadline-dev

`libreadline-dev` itakuja na hedia za ncurses yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuzitafuta kando. Ukitaka pia michoro ya `ploth` kwenye dirisha, ongeza `libx11-dev`.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huiruka. Kuweka kifurushi hakuibadilishi gp iliyokwisha kujengwa. Ni lazima `Configure` ichunguze mashine upya na msimbo ujengwe upya, tena bila kuacha mabaki ya ujenzi wa kwanza. PARI huweka vipande vyake vilivyojengwa katika folda ya pembeni ambayo jina lake huanza na herufi O na kufuatiwa na jina la mfumo, na kwenye mashine yako folda hiyo ni `Olinux-x86_64`. Ifute yote, kisha endelea hivi ukiwa ndani ya folda kuu ya msimbo chanzo:

    rm -rf Olinux-x86_64
    ./Configure --with-gmp --with-readline 2>&1 | tee ukaguzi.txt
    grep -i -E 'readline|gmp' ukaguzi.txt

Mstari wa pili unakuonyesha matokeo kwenye skrini na papo hapo kuyahifadhi katika faili `ukaguzi.txt`, na wa tatu unakuchagulia yale tu yanayotuhusu. Usiandike `make` mpaka uwe umeyasoma na kuridhika kwamba vyote viwili vimepatikana. Dakika moja hapo inakuepusha kujenga kitu ambacho utakijenga tena. Ukiridhika:

    make all
    make bench
    sudo make install

`make bench` hufanya majaribio ya ndani ya PARI yenyewe, na simshauri mtu anayetaka kuandika matokeo kwenye tasnifu aiache. Ikiwa `make all` italalamika kuhusu TeX, jua kwamba inashindwa kutengeneza vitabu vya maelekezo tu, na gp yenyewe iko salama. Unaweza kuandika `make gp` ukaendelea.

Baada ya hapo hakikisha kwamba gp unayoifungua ndiyo uliyoijenga. Andika `hash -r`, kisha `type -a gp`. Ile uliyoijenga iko `/usr/local/bin/gp`, na kama uliwahi kuweka `pari-gp` kwa apt kutakuwa na nyingine `/usr/bin/gp`. Ya kwanza kwenye orodha ndiyo itakayofunguka. Wanaotumia zsh pamoja na Oh My Zsh wana mtego wao wa pekee: programu-jalizi yake ya git imelifanya neno `gp` kuwa kifupisho cha `git push`, na mtu anayetaka kupiga hesabu anaweza kujikuta anasukuma msimbo wake kwenye seva bila kukusudia. Ukishaifungua gp sahihi, soma tena maandishi ya mwanzo, bonyeza mshale wa juu, na kwa uthibitisho wa mwisho toka nje uandike `ldd /usr/local/bin/gp | grep -E 'readline|gmp'`, ambayo itakuonyesha maktaba hizo mbili na mahali zinapotoka.

Nina jambo moja la kukutahadharisha. Ukitafuta tatizo hili utakutana na ushauri wa kutengeneza kiungo kwa mkono, yaani kwenda `/usr/lib/x86_64-linux-gnu` na kuandika `ln -s libreadline.so.8 libreadline.so`. Ushauri huo unamridhisha linka peke yake na kuiacha kompaila bila hedia, kwa hiyo haukusaidii kitu, na unaacha kwenye folda ya mfumo faili ambayo apt haina habari nayo. Ubaya zaidi ni ule wa kuipa maktaba ya toleo moja jina la toleo jingine ili programu iliyojengwa kwa toleo la zamani ikubali kufunguka. Inaweza kufunguka kweli, ikaanguka wiki ijayo katikati ya hesabu, na hutajua sababu. Apt inajua kinachohitajika, na kazi yako ni kuiuliza swali sahihi.

Namna ya kuiuliza ni hii. Ukipata kosa la kompaila lenye umbo la `fatal error: mpfr.h: No such file or directory`, jina la hedia ndilo ufunguo. Weka `apt-file`, isasishe kwa `sudo apt-file update`, kisha uliza:

    apt-file search readline/readline.h

Jibu litakutajia kifurushi kilicho na faili hiyo, bila kubahatisha majina. Kwa programu ambayo Ubuntu tayari inaisambaza kuna njia ya mkato zaidi, nayo ni `sudo apt build-dep pari`, inayoleta kwa pamoja vyote ambavyo waandaaji wa Debian walivitumia kuijenga. Ikikujibu `You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list`, maana yake ni kwamba orodha ya vyanzo vya msimbo haijawashwa. Iwashe kwenye mipangilio ya vyanzo vya programu, fanya `sudo apt update`, urudie.

Kwa wasomaji wengine: kwenye Fedora majina ni `gmp-devel` na `readline-devel`. Kwenye Mac yenye Homebrew, readline hupakuliwa lakini huwekwa kando makusudi, kwa kuwa mfumo wa Apple una libedit inayojifanya readline, hivyo ni lazima uielekeze `Configure` kwa `--with-readline=$(brew --prefix readline)` na `--with-gmp=$(brew --prefix gmp)`. Na ambaye hana muda wa kujenga upya leo anaweza kuweka `rlwrap` na kuandika `rlwrap gp`; mishale itafanya kazi, ingawa atakosa ukamilishaji wa majina ya funksheni za gp kwa kitufe cha Tab.

Sasa `ellinit("11a1")`. Hapa kitegemezi kinachokosekana ni data, wala si maktaba. Ukimpa `ellinit` vizidisho vya mlinganyo, gp inapiga hesabu yenyewe, lakini ukimpa jina la mkunjo wa eliptiki kama `"11a1"`, inalazimika kulitafuta katika majedwali ya mwanahisabati John Cremona, ambayo kwa sababu ya ukubwa wake husambazwa mbali na msimbo katika kifurushi kiitwacho elldata. Utashawishika kuandika `sudo apt install pari-elldata`, nawe utakuta kosa halijabadilika. Sababu ni kwamba kifurushi cha apt huweka data katika `/usr/share/pari`, wakati gp uliyoijenga mwenyewe hutazama `/usr/local/share/pari`. Ndani ya gp andika `default(datadir)`, nayo itakutajia folda inayotazama. Kwa gp ya kujijengea, nashauri upakue `elldata.tgz` kutoka tovuti ya PARI, uiweke katika folda kuu ya msimbo chanzo, na kuifungua hapohapo:

    tar xzf elldata.tgz
    sudo make install

Yaliyomo yataingia katika `data/elldata`, na `make install` itayanakili hadi pale gp inapoyatafuta. Andika kisha `ellinit("11a1")[1..5]`, ukipata `[0, -1, 1, -10, -20]`, majedwali yamepatikana. Vifurushi vya galdata na seadata huwekwa kwa njia hiyohiyo, na kwa hesabu za pointi za mikunjo juu ya nyuga kubwa zenye ukomo, seadata itakufaa mapema kuliko unavyodhani.

Kuhusu seva, anza kwa kuuliza kabla ya kujenga. Seva nyingi za hesabu huwa na maktaba zilizoandaliwa na wasimamizi, na `module avail` itakuonyesha kama GMP au PARI yenyewe imo. Pia, kama conda, kisimamizi cha vifurushi kisichohitaji sudo, inaruhusiwa, `conda install -c conda-forge pari` inaleta gp na vitegemezi vyake ndani ya folda yako bila sudo, na mimi ningeijaribu hiyo kwanza isipokuwa kama msimamizi wako anataka toleo mahususi lisilopatikana huko.

Ikikulazimu kujenga, mpangilio ni GMP kwanza, PARI baadaye, vyote ndani ya folda yako ya nyumbani. Pakua GMP yenye mwisho wa `.tar.xz`, kwa sababu ile ya `.lz` inahitaji lzip, ambayo huenda seva haina. Kisha:

    ./configure --prefix=$HOME/opt --enable-fat
    make
    make check
    make install

Ikisimama kwa ujumbe `No usable m4 in $PATH`, umekutana na kitegemezi cha kitegemezi: GMP hutumia m4 kuandaa vipande vyake vya asembli, na hapo ni kumwomba msimamizi wa seva aiweke, au kuijenga m4 katika `$HOME/opt` na kuongeza `$HOME/opt/bin` mwanzoni mwa `PATH`. Neno `--enable-fat` usiliache. GMP kwa kawaida hujengwa kwa ajili ya prosesa ya mashine inayojengewa, na katika kundi la seva, mashine ya kuingilia inaweza kuwa mpya kuliko zile zinazofanya kazi. Matokeo yake ni gp inayofunguka vizuri mbele yako na kufa kwa `Illegal instruction` usiku ikiwa kwenye foleni ya kazi za seva. Chaguo hilo linaiambia GMP ibebe mbinu za prosesa mbalimbali na kuchagua inayofaa wakati wa kuanza.

Baada ya hapo rudi kwenye folda ya PARI:

    ./Configure --prefix=$HOME/opt --with-gmp=$HOME/opt
    make gp
    make install

gp ikigoma kufunguka kwa kusema haiioni `libgmp.so.10`, weka `export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/opt/lib` katika hati unayoipeleka kwenye foleni, kwa sababu kuiandika kwenye terminali yako hakuhakikishi kwamba mashine nyingine zitaiona. Kuhusu readline, huko usihangaike nayo hata kidogo. Kazi za seva huendeshwa kwa `gp -q kazi.gp`, huku mstari wa mwisho wa `kazi.gp` ukiwa `quit`, na hakuna mtu atakayekuwa amekaa mbele ya kibodi akibonyeza mishale.